Vitabu Nilivyoahidiwa Nikiolewa

Bibi yangu mzaa mama hakuwa na sababu ya kuikimbia Unguja. Alikuwa mtu wa Makunduchi kwa baba na kwa mama, na hata katika siku zile mbaya za mwanzo wa mwaka sitini na nne, hapana ambaye angemgusa kule kwao Kusini. Mwenye sababu nilikuwa mimi. Baba yangu alikuwa Mwarabu, na tangu wiki ile ya Januari hakuonekana tena. Mama alikuwa keshatangulia zamani, nikiwa bado natambaa. Ilipopatikana meli, na ammi yangu wa Maskati, kaka yake baba, alipokubali kunidhamini, Bibi alifunga kanga zake na yeye. Jirani wakamwuliza anakwenda kufanya nini Uarabuni, mtu mzima kama yeye, hana jamaa hata mmoja huko. Aliwajibu kwamba anaye mmoja, na huyo ndiye anayepanda meli.

Nalieleza hili mwanzo kwa sababu baadaye watu wa Maskati walizoea kumwita mkimbizi, na mimi nilikuwa nikikasirika kila nikilisikia neno hilo. Yeye hakukimbia chochote. Alinisindikiza tu, na hakuwahi kurudi.

Tulikuwa na sanduku moja la bati baina yetu. Ndani yake mlikuwa na nguo, chupa ya marashi, na vitabu vitatu ambavyo Bibi alivifunga ndani ya kanga yake mpya kuliko zote. Vitabu hivyo viliandikwa na dada yake mkubwa. Huyo dada alikuwa kungwi, yaani mwanamke anayewafunda wasichana wanapokaribia kuolewa, na sifa zake zilijaa Kusini nzima. Mumewe alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani na ndiye aliyemfundisha kuandika. Basi alipoanza kuzeeka, akihofia kwamba watoto wa siku hizi hawasikilizi, aliyaandika yote aliyoyajua kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu na irabu zake zote, lakini kwa Kiswahili chao cha Makunduchi.

Nasema yote kwa sababu hakuchagua. Humo mlikuwa na habari za nani alichimba kisima gani, nani alitoka wapi akaja kukaa pale maweni, mapango yapi watu hawaingii na viatu. Mlikuwa na taratibu za sherehe ya Mwaka, wanaume wanapopigana kwa magogo ya migomba na wanawake wanawaimba kwa matusi. Mlikuwa na namna ya kufukia makumbi ya nazi matopeni mpaka yafae kusukwa kamba, na nyakati za kwenda mwambani kuchokoa pweza. Na katikati ya hayo, bila ya kuhama ukurasa, mlikuwa na yale anayoambiwa mwari ndani ya chumba kilichofungwa. Kwa yule mzee mambo ya mji na mambo ya mwanamke yalikuwa kitu kimoja, wala hakuona kwa nini ayatenge.

Hayo niliambiwa. Sikuyasoma.

Nilijaribu mara moja, melini. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza masomo na najiona nimesoma kuliko manahodha, na herufi zile nilizijua tangu chuoni. Bibi alikuwa amelala, au ndivyo nilivyodhani. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu wa mtoto wa jicho, lakini masikio yake yalikuwa yale yale. Nilifungua jalada tu, akanyoosha mkono.

“Rejesha, mke mwenzangu,” aliniambia. Ndivyo alivyokuwa akiniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. “Hivyo utasoma ukiolewa. Kabla ya hapo haviko.”

Nilibishana naye. Nilimwambia mimi si mtoto, nimesoma mambo ya mwili katika vitabu vya shule, na hayo ya visima na makumbi yana aibu gani. Akaniambia kwamba hawezi kunikatia kurasa kama mtu anayekata mchicha. Ama vyote, ama hakuna. Kisha akaniapisha kwa jina la mama yangu kwamba sitavifungua mpaka siku yangu ifike, na mimi, pamoja na ukali wangu wote, kiapo hicho sikuweza kukivunja. Ufunguo wa sanduku aliufunga penye ncha ya kanga yake.

Forodhani Maskati, askari alilifungua sanduku akalipekua. Wakati ule mji ule ulikuwa na woga wa kila kitu kilichotoka nje, na nilifikiri vitabu vitabaki pale. Akafungua cha juu, akaona Bismillahi imeandikwa kwa hati nzuri mwanzo wa ukurasa, akakibusu, akakiweka kwenye paji la uso, akaturejeshea kwa mikono miwili. Bibi hakuona, nikamhadithia baadaye, akacheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu tutoke kwetu.

Nyumba ya ammi ilikuwa ndani ya ukuta wa mji, imeegemea mlima. Mawe ya mlima ule yalikuwa meusi na makavu, hayana hata jani, na mchana kutwa yalikusanya joto kisha jioni yakaturudishia sote. Bibi hakuyaona sawasawa lakini aliyasikia. Alikuwa akiuliza kwa nini huku hakuna sauti ya miti. Nilimwambia miti yenyewe haipo.

Ammi alikuwa mfanyabiashara wa tende na ndimu kavu, mtu mpole, mwenye maneno machache. Aliyeitawala nyumba alikuwa dada yao, shangazi yangu, niliyemwita Ammah kama wanavyoita wao. Alikuwa mjane asiye na mtoto. Asubuhi alisomesha Kurani watoto wa mtaani barazani kwake, na mtaa mzima ulimwita muallima. Hakuwahi kutoka Maskati isipokuwa mara moja, kwenda kijiji cha Qantab kwa mashua kumzika jamaa. Kiswahili hakukijua hata cha salamu.

Bibi naye Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu. Basi miezi ya mwanzo wale wazee wawili walikaa sebuleni wakinywa kahawa, mmoja anasema hili na mwengine anajibu lile, wakapigana vibao vya mikono na kuridhika. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, na nilikuwa mkalimani mbaya, mwenye haraka, maana Kiarabu changu kilikuwa cha kuokoteza na moyo wangu haukuwa pale. Nilikuwa namlilia baba kwa siri. Nilichukia tende, nilichukia joto, nilichukia kutembea na taa mkononi kila jua likizama, kwa amri ya serikali, kama mwizi anayejitangaza.

Bibi alizidi kupofuka. Ukafika wakati alikuwa anaitambua alfajiri kwa ubaridi wa sakafu. Lakini kila baada ya siku chache alilifungua sanduku, akavitoa vitabu vyake, akavipangusa vumbi na kuvipakata. Nilikuwa nikimtazama na roho inaniuma, kisha hasira zinanipanda. Nilimwambia waziwazi: wewe huwezi kuvisoma, mimi unanizuia, sasa vina faida gani? Akaniambia nipunguze mdomo, vitabu havili wali.

Siku hiyo Ammah aliingia akamkuta navyo. Mtu aliyezoea kusomesha hawezi kuona herufi akazipita. Alikaa, akakitwaa kimoja kwa adabu, akakifungua, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, akivuta pa kuvutwa na kukaza pa kukazwa, kama anavyosoma msahafu. Hakuelewa hata neno moja. Lakini irabu zilikuwa kamili, na yeye alikuwa hodari wa irabu. Kilichotoka kinywani mwake kilikuwa Kiswahili cha Makunduchi, kimepakwa lafudhi ya Kiarabu, lakini ni chenyewe.

Bibi aliganda. Nilidhani amepatwa na kitu. Kisha machozi yakamtoka, huku anacheka, akaushika mkono wa Ammah asiuachie. Akaniamuru nimwambie aendelee, aendelee, kwa haki ya Mungu asisite. Nikamwambia Ammah. Halafu Bibi akanigeukia kwa uso uliokuwa bado umelowa.

“Na weye nenda kapike kahawa. Funga mlango.”

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka karibu mitano. Baada ya sala ya alasiri, Bibi alitia udhu, akachoma ubani kwenye chetezo, kama ilivyokuwa desturi yao Kusini kabla ya kuingia katika mambo hayo, na Ammah akaja na miwani yake. Mlango ulifungwa. Nilipomwuliza Bibi kwa nini Ammah ahalalishiwe na mimi niharamishiwe, alinijibu kwamba yule ameshaolewa na ameshafiwa, hapana neno linaloweza kumharibu, na hata lingekuwapo, haelewi. Hapo nami nilicheka, ingawa sikutaka.

Nilikuwa nikisikia vipande. Sikuwa nikidukua, nyumba zile kuta zake nene lakini milango yake ni ya mbao. Nilimsikia Ammah akisoma na Bibi akilirudia neno moja kwa namna ya kwao, kulinyoosha, na Ammah akalirudia tena kama mwanafunzi mwema. Siku moja nilipita na sinia nikausikia wimbo wa sherehe ya Mwaka, ule wa kuwatukana wanaume wa mtaa wa pili, vitambi vyao na uvivu wao, ukisomwa kwa utulivu na unyenyekevu kama dua ya mvua. Bibi alikuwa amejifunika kanga usoni, mabega yanamtetemeka. Ammah alidhani analia. Alisimama akampa maji.

Lakini mara nyingi alikuwa analia kweli. Kulikuwa na ukurasa wa visima vya kwao, kisima na aliyekichimba, ambao aliomba usomwe tena na tena. Akitoka hapo alikuwa hana nguvu hata ya kula. Nilimwambia aache kama vinamuumiza. Aliniuliza kama nadhani asiposikia ndiyo haumii.

Mie sikujua Ammah anafikiri anasoma nini. Wala sikufikiri kwamba kuna la kufikiri. Walikuwa pamoja kila siku, wameshibana kuliko ndugu wa tumbo moja, na nilichukulia kwamba katika ishara zao na vibao vyao vya mikono walikuwa wameshaelezana kila kitu.

Miaka ikapita juu yangu. Binti asiye na baba, aliyekuja na sanduku moja, mama yake mtu wa Makunduchi, hakugombewa na wachumba katika Maskati ile. Sikujali sana, au nilijitia sijali. Kisha mwaka wa sitini na tisa ammi akaletewa posa na mtu aliyezaliwa Unguja kama mimi, mwenye kazi Kuwait, ambaye alitaka mke wa kuzungumza naye Kiswahili. Nilimwona kwa kupitia dirishani. Alikuwa mwembamba na alimsalimia mzee anayegawa kahawa kabla ya kukaa. Nikasema ndiyo. Harusi ikapangwa baada ya Ramadhani.

Sijapata kumwona Bibi amefurahi vile. Alianza kunipangia. Kitabu cha tatu, alisema, Ammah akimalize kwanza, maana zilibaki kurasa chache. Kisha wiki ya mwisho kabla ya harusi tutafungiwa chumbani, mimi na yeye, na vitabu. Mimi ndiye nitakayesoma, yeye atanieleza. Mambo mengine hayakuandikwa yote, alisema. Dada yake aliyaacha nusu makusudi ili anayesoma lazima awe na mtu wa kumuuliza. Jioni hiyo alinifungulia sanduku mwenyewe, akaniweka mkono juu ya jalada la kitabu cha kwanza, ngozi imekauka na kupasuka, akaubakisha mkono wake juu ya wangu.

“Mama'ko alifundwa na dada'ngu,” alisema. “Weye tutakufunda sote. Yeye kwa kitabu, miye kwa mdomo. Usije ukasema umeolewa kwa watu huna kwenu.”

Tangu melini nilikuwa nimevitaka vitabu vile kwa hasira, kama mtu anavyotaka kitu alichonyimwa. Jioni ile nilivitaka kwa namna nyingine. Nilikuwa naogopa kuolewa, sasa naweza kulisema. Sikuwa na mama wa kumuuliza lolote, na Ammah alikuwa mtu wa staha, mambo hayo hayakupita mdomoni mwake. Nilikuwa nayo ile wiki moja tu ya kutegemea, na niliihesabu kama mtu anayengojea mvua.

Bibi alikufa kabla ya Ramadhani, katika joto la Maskati ambalo huwachukua wazee kila mwaka. Aliumwa siku mbili tatu, tumbo na homa. Hakuna daktari aliyeitwa ambaye angeweza kufanya kitu. Asubuhi alikuwa akiniuliza kama maji yamechotwa, adhuhuri hakunijibu.

Wanawake wa mtaani walimwosha kwa heshima zote. Ammah alimkafini mwenyewe, kwa kitambaa kipya alichokinunua sokoni. Wanaume wakamchukua wakatoka naye nje ya lango, wakamzika bondeni chini ya mlima, kwenye makaburi ambayo hayaandikwi majina. Kaburi la mwanamke kule huwekwa mawe matatu, la mwanamume mawili, na hiyo ndiyo tofauti pekee. Mie nilibaki ndani na wanawake. Nilikuwa na hamu ya kupiga kelele, lakini kule hawapigi, wakanishika mikono wakanituliza.

Siku ya pili ya msiba nilishikwa na homa. Nililala sijui siku ngapi. Nakumbuka Ammah akinipangusa uso, na sauti yake akinisomea. Nilipopata nafuu, matanga yalikuwa yameshaondoka, Ramadhani imeingia, na kiti cha Bibi kimehamishwa. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye kanga yangu. Sikuligusa sanduku. Nilikuwa nimejiwekea kwamba nitalifungua wiki ile ile aliyonipangia, si kabla. Kama hawezi kunieleza, basi dada yake atanieleza nusu yake, na hiyo nusu nitaikamilisha kwa akili yangu.

Idi ikapita. Wiki ikafika. Nilitia udhu, nikachoma ubani kama alivyokuwa akifanya yeye, nikafungua. Mlikuwa na kanga zake, zimekunjwa vizuri na kutiwa udi. Mlikuwa na chupa ya marashi, tupu. Nilitoa kila kitu nikakitandaza chini, kisha nikakirejesha na kukitoa tena, kama mtu aliyerukwa na akili. Nikamwita Ammah.

Alikuja, akaona nilivyo, akaona na sanduku. Uso wake haukuwa na wasiwasi wowote. Alikaa kando yangu akanieleza, kwa upole, akiamini ananiliwaza. Alisema mchwa walikuwa wameshaanza jalada la kitabu cha kwanza, na kurasa zilikuwa zinavunjika mkononi. Maneno kama yale hayaachwi yakaliwa na wadudu, wala hayatupwi, na aliyekuwa akisomewa hayupo tena. Kwa hiyo, nilipokuwa nimelala na homa, alifanya linalofanywa kwa msahafu uliochakaa. Alivifunga vyote vitatu katika kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki, akavinyunyizia marashi, akampa ammi akavizike kwenye udongo safi, karibu na kichwa cha Bibi, mahali ambapo hapakanyagwi. Aliyasema hayo yote akinishika goti.

“Kila siku alikuwa akilia navyo,” alisema. “Sijaona mtu ampendaye Mola wake namna ile.”

Nilinyanyuka nikamwacha pale. Nilikwenda kwa ammi, nikamkuta dukani mbele ya watu, jambo ambalo halikuwa likifanywa na msichana. Nilimwambia twende tukafukue. Alinichukua pembeni. Aliniambia makaburi hayafukuliwi, na hata kama yangefukuliwa, tangu siku ile wameshazikwa wengine pale pale, na mvua ya wiki iliyopita ilileta mafuriko bondeni, mawe yamesombwa na mengine yamezama. Yeye mwenyewe alikwenda kumwombea akasimama hajui asimame wapi. Aliyasema hayo akitazama chini. Nilijua hasemi uongo, na nilimchukia kwa kutosema uongo.

Niliporudi, Ammah alikuwa bado amekaa pale pale sakafuni, kanga za Bibi zimemzunguka. Alikuwa ameshatambua kwamba kuna jambo amelifanya, ila hajui ni lipi. Aliniomba nimwambie.

Nikamwambia. Kiarabu changu wakati huo kilikuwa kimekaa sawa, na kila neno lilipata pa kukaa. Nilimwambia havikuwa vitabu vya dini. Viliandikwa na mwanamke, kwa ajili ya wanawake wa kwao. Vilikuwa na visima, na pweza, na kamba, na nyimbo za matusi ambazo yeye alizisoma kwa tajwidi. Na vilikuwa na yale ambayo mama humwambia binti yake kabla ya kumtoa, na binti huyo ni mimi, na siku zenyewe ni hizi. Nilimwambia kwamba nimengoja tangu melini. Sikumpunguzia hata kidogo. Nilitaka aumie.

Akaivua miwani yake, akaishika mapajani.

“Miaka mitano,” alisema. “Kila neno lililomo limepita kinywani mwangu. Na sina hata moja la kukupa.”

Alijaribu. Hilo ndilo ambalo mpaka leo silisahau. Alifumba macho akajaribu kukumbuka, kama watoto wake wa barazani wanapotakiwa kusoma kwa moyo. Alipata mwanzo wa mstari, akaurudia, ukamkatikia. Akapata kipande kingine, majina mawili matatu, yakavurugika na mengine. Akaendelea kujaribu mpaka nikamwambia basi. Nilikaa chini karibu naye. Hasira zilikuwa bado zipo, hazikwenda popote, lakini sikuwa na mtu mwengine wa kulia naye. Tukalia sote wawili, kila mmoja kwa lugha yake.

Niliolewa Alkhamisi ile. Ammah alinitia hina kwa mkono wake na kunifukiza udi, akanisomea kila alichokijua. Niliingia kwa mume wangu sijafundwa. Alikuwa mtu mwema, na tulijifunza kwa makosa, kama wanavyojifunza watu walioachwa peke yao. Sitalieleza zaidi ya hapo.

Mwaka uliofuata serikali ilibadilika, na milango ya nchi ikafunguliwa. Watu wetu wakaanza kurudi, kutoka Misri na Dubai na Unguja kwenyewe, na ghafla Kiswahili kikasikika sokoni Matrah. Katika harusi moja huko nilikaa na mwanangu wa kwanza mapajani, karibu na mwanamke mmoja mzee aliyekuja kutoka Unguja mwezi ule. Tulizungumza, tukaulizana kwetu. Aliposikia mama yangu alikuwa mtu wa Makunduchi, alichangamka. Alisema yeye mwenyewe ni kungwi, na makungwi wa kule anawajua wote kwa sifa, basi mimi nilifundwa na nani? Nikamwambia sikufundwa. Akaniambia haiwezekani, mtoto wa Makunduchi hatolewi hivi hivi. Nikamwambia mimi nilitolewa hivi hivi.

Alinitazama kwa huruma, akamshika mwanangu kidevu.

“Masikini,” alisema. “Kwani hukuwa na bibi?”

“Nilikuwa naye,” nikamwambia.